Kalipa za nyuma zinapokwama: Jumamosi ya kazi uani Kanombe

Na Mwandishi Wetu, Kigali

ASUBUHI ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Kigali haina haraka. Kuanzia saa mbili hadi saa tano wakazi huwa kwenye umuganda, maduka hufungwa na magari huwa machache barabarani. Ilipogonga saa tano, majirani wakirudi na majembe begani, katika ua wa nyumba moja ya Kanombe kazi nyingine ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Gari lilikuwa Volkswagen Golf ya kizazi cha nne. Lilikuwa limeegeshwa kwenye sehemu pekee ya ua huo iliyo tambarare, mawe makubwa yakizuia matairi ya mbele lisisogee. Pembeni, juu ya gunia lililotandazwa, zilipangwa spana, bisibisi, brashi ya waya, chupa mbili za mafuta ya breki zisizofunguliwa na paketi mbili ndogo za raba zilizonunuliwa Gatsata.

Mwenye gari ni mwalimu mstaafu. Hakupata kudhani kwamba angefungua breki kwa mikono yake mwenyewe. Kilichomsukuma ni karatasi ya kituo cha ukaguzi wa magari cha Polisi kilichopo Remera, ambako gari binafsi hupelekwa mara moja kwa mwaka. Mashine ilionyesha kwamba tairi la nyuma la kulia lilikuwa linashika breki, na la kushoto linashika kidogo tu. Breki ya mkono nayo ilikuwa dhaifu. Gari halikupita.

Kabla ya hapo alikuwa amebadilishiwa pedi za nyuma mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Kila mara pedi moja ililika mpaka chuma, na nyingine ikabaki karibu nzima. Kila mara aliambiwa kwamba pedi zilikuwa mbovu. Hakuna aliyegusa kalipa zenyewe.

Kesho yake, Jumapili, alikuwa na safari ya Musanze pamoja na mkewe na wajukuu watatu. Ni safari inayopanda Shyorongi na kupita miteremko ya Buranga, wilayani Gakenke, sehemu ambayo kila dereva wa barabara hiyo anaijua. Aliyekuja kumsaidia ni mpwa wake, kijana anayesomea ufundi wa magari. Walikuwa na mchana mmoja.

Breki kwenye mji wa vilima

Kigali iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na karibu kila safari ya mjini ina mteremko wake: Kacyiru kushuka Kinamba, Rebero kushuka Gikondo, Kimihurura kushuka Kanogo. Kwa macho ya dereva huo ni mteremko tu. Kwa breki ni hesabu ya joto.

Gari lenye uzito wa kilo 1,300 likishuka mita 200 kwa wima, nishati inayopaswa kumezwa inatosha kuchemsha takribani lita 8 za maji yaliyokuwa na joto la kawaida la chumbani. Injini ikiwekwa kwenye gia ndogo hubeba sehemu ya mzigo huo, na upepo unaopinga gari hubeba kiasi kidogo. Kinachobaki huishia kwenye diski na pedi. Dereva anayeshuka kwa gia kubwa huku mguu ukikaa kwenye pedali muda wote anazigeuza breki zake kuwa jiko.

Diski huzunguka pamoja na tairi. Kalipa ni chuma kilichoikumbatia diski hiyo kama kiganja, kikiwa na pedi moja kila upande. Dereva anapokanyaga, mafuta ya breki husukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa. Pistoni husukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima huteleza juu ya pini zake na kuivuta pedi ya nje, diski ikabanwa pande zote mbili. Wazo hilo ni la zamani: Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, ingawa ilichukua miongo kadhaa kabla ya kuenea kwenye magari ya kawaida.

Ufunguo wa mfumo huu ni raba moja ya mviringo iitwayo sili, isiyozidi unene wa kamba ya kiatu. Sili hukaa kwenye mfereji ndani ya kalipa na kuikaba pistoni. Ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia mafuta yasivuje. Ya pili wengi hawaijui: pistoni inaposogea mbele, sili hujipinda nayo, mguu ukiondolewa, hujinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kwa upana wa unywele. Hakuna springi inayofanya kazi hiyo. Sili ikizeeka na kukakamaa, au pistoni ikipata kutu, pistoni hairudi. Pedi hubaki inasugua diski kutwa nzima, dereva asijue.

Kwa nini za nyuma ndizo hukwama

Gari linapopunguza mwendo uzito wake huegemea mbele. Kwa hiyo breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi, na za nyuma hubeba kidogo. Mtu angedhani kwamba kinachofanya kazi kidogo hudumu zaidi. Kwa kalipa mambo ni kinyume chake. Breki ya mbele hupata joto kila siku na hukauka. Ya nyuma hubaki baridi na yenye unyevu, ikirushiwa matope ya masika na vumbi jekundu la kiangazi.

Pistoni huvikwa raba nyingine kwa nje, ya kuzuia vumbi. Raba hiyo ikichanika kidogo tu, maji na matope hupenya hadi kwenye pistoni na kutu huanza. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake nazo zina viraba vyake. Grisi ikikauka, kalipa haitelezi tena. Hapo pedi ya ndani hula na ya nje hubaki mpya, au kinyume chake.

Katika magari mengi, Golf hiyo ikiwa mojawapo, kalipa ya nyuma ina kazi ya ziada. Breki ya mkono imo humo humo: waya huvuta mkono mdogo wa chuma nyuma ya kalipa, na mkono huo huzungusha mhimili unaosukuma pistoni. Mhimili huo una sili yake, na maji huipita hiyo pia. Mkono ukishika kutu hurudi nusu tu. Breki ya mkono inakuwa imeachiwa ndani ya gari, lakini kwenye tairi bado inabana.

Lipo na kosa la madereva wenyewe. Wapo wanaoegesha kwa gia peke yake, hata kwenye mlima, wakiamini kwamba wanaitunza breki ya mkono. Mkono usiovutwa kwa miezi hukwama kwa urahisi kuliko unaovutwa kila siku.

Hatari ya kalipa iliyokwama inazidi bei ya pedi. Tairi moja la nyuma likishika na jingine lisishike, breki ya ghafla kwenye lami iliyolowa inaweza kulifanya gari litupe mkia. Na joto la pedi inayosugua bila kukoma husafiri hadi kwenye mafuta ya breki.

Mafuta yanayokunywa maji

Mafuta ya breki ya kawaida, ya daraja la DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, hunyonya unyevu wa hewani. Kiwango cha chini kinachotakiwa kwa DOT 4 mpya ni kuchemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kufikia karibu asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 155. Kwa DOT 3 ni nyuzi 205 yakiwa mapya, na 140 yakilowa.

Mafuta yakichemka hutoa mvuke. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga pedali ikazama hadi sakafuni, na gari likaendelea kushuka. Hicho ndicho kinachotokea mara nyingi pale watu wanaposema kwamba breki zimekataa mlimani, ilhali asubuhi zilikuwa nzima.

Ndiyo maana chupa zilizokuwa kwenye gunia pale Kanombe hazikuwa zimefunguliwa. Chupa iliyokaa wazi kabatini kwa miezi ni ya kutupa, hata kama imejaa. Mafuta ya DOT 5 hayachanganywi na mengine, kwani hutengenezwa kwa silikoni. Jina lake linafanana na 5.1 lakini ni kitu tofauti kabisa.

Upande mmoja uwe kitabu

Mwalimu na mpwa wake walilegeza nati za matairi gari likiwa bado chini, kisha wakaliinua kwa jeki na kuliweka juu ya stendi mbili za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Hakuna anayepaswa kuingiza hata mkono chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, na kwenye ua wenye mteremko kazi hii isifanywe kabisa. Breki ya mkono iliachiwa ili waya ulegee.

Kijana alitaka kufungua pande zote mbili kwa pamoja ili waende haraka. Mjomba wake alikataa. Kanuni yake ilikuwa ya darasani: fungua upande mmoja, mwingine uwe kitabu chako. Ukisahau springi ilikaa wapi au raba ilielekea upande gani, unakwenda kuangalia upande wa pili.

Waliuchomoa waya wa breki ya mkono, wakafungua bolti za pini, na kalipa ya kushoto ikatoka baada ya kubishana nayo kwa bisibisi. Waliifunga kwa waya kwenye springi ya gari. Kalipa haiachwi ining'inie kwa paipu yake ya mpira. Paipu inaweza kupasuka kwa ndani, na mpasuko huo hauonekani kwa nje.

Pedi zilieleza kila kitu. Ya ndani ilikuwa imebaki kama unene wa kadi ya kitambulisho. Ya nje ilikuwa na zaidi ya nusu. Pini ya chini haikuteleza hata ilipopigwa nyundo ya mpira.

Pistoni isiyosukumwa

Hapo ndipo yalipotokea makosa ambayo yangeigharimu kazi nzima. Kijana alileta klempu ili airudishe pistoni ndani kwa kuikandamiza, kama alivyoona ikifanywa kwenye breki za mbele. Pistoni haikusogea. Alipoongeza nguvu, mjomba alimzuia.

Kwenye kalipa ya nyuma yenye breki ya mkono ndani yake, pistoni hukaa juu ya skrubu. Haisukumwi tu; huzungushwa. Ili iingie ndani, huzungushwa huku ikikandamizwa, na katika magari mengi huzungushwa kufuata mwendo wa mshale wa saa, ingawa zipo zinazogeuzwa kinyume. Anayeilazimisha kwa klempu huvunja utaratibu wa ndani unaojirekebisha kadiri pedi zinavyolika, na kalipa iliyokuwa ya kusafishwa huwa ya kutupwa. Kifaa cha kuzungushia huuzwa au huazimwa kwenye maduka ya spea.

Si magari yote yaliyo hivyo. Toyota nyingi zenye diski nyuma huwa na dramu ndogo ndani ya diski kwa ajili ya breki ya mkono, na kalipa yao ni ya kawaida. Kwa magari mapya yenye breki ya mkono ya umeme, kazi hii haianzi kabla ya mota kuwekwa katika hali ya matengenezo. Asiye na kifaa cha kufanya hivyo asiguse.

Kalipa ilipofunguliwa paipu na kuwekwa mezani, pistoni ilizungushwa kutoka nje taratibu hadi ikatoka. Kwa kalipa za kawaida, zisizo na skrubu, mafundi hutumia upepo wa kompresa kuitoa, wakiweka kipande cha ubao mbele yake. Pistoni inayoruka kwa upepo huvunja kidole. Mikono hukaa mbali.

Sili ya zamani ilitolewa kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi, ili mfereji usikwaruzwe. Ndani ya mfereji kulikuwa na ukoko wa kutu ulioibana sili na kuifanya iikabe pistoni kupita kiasi. Waliusugua ukoko huo pole pole hadi chuma kikang'aa.

Wengi huanza kwa kusafisha ukuta wa silinda, wakidhani kwamba ndiyo kazi kubwa. Katika kalipa za namna hii sili hukaa kwenye mfereji na pistoni ndiyo inayoteleza ndani yake. Kwa hiyo kinachopaswa kuwa laini kama kioo ni ngozi ya pistoni. Vumbi la kutu linalofutika si tatizo. Kishimo kinachokwaruza kucha ni tatizo.

Walioshea mafuta mapya ya breki na dawa maalumu ya kusafishia breki. Petroli, dizeli na oili ya injini haviruhusiwi hata tone. Raba za breki hazipatani na mafuta ya petroli. Huvimba na kulegea, na breki iliyosafishwa kwa dizeli leo inaweza kukwama wiki ijayo. Vivyo hivyo grisi ya kawaida ya bereng'i haipakwi kwenye pini. Inatakiwa grisi ya silikoni au ile iliyoandikwa kuwa ni ya breki.

Kucha yakwaruzwa

Pistoni ya kushoto ilifutwa, ikakaushwa, ikawekwa kwenye mwanga wa jua. Karibu na ukingo wake, pale ambapo raba ya vumbi ilikuwa imechanika, kulikuwa na vishimo vitatu. Mwalimu alipitisha kucha. Ilikwama mara tatu.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Raba mpya zilikuwepo, mafuta yalikuwepo, na safari ya Musanze ilikuwa kesho yake alfajiri. Kijana alipendekeza waipige msasa laini, waifunge, kisha wabadilishe pistoni baadaye. Mwalimu aliiangalia kwa muda mrefu. Sili mpya juu ya pistoni yenye mashimo hushika siku ya kwanza, pengine wiki ya kwanza, na siku inapoachia hakuna anayechagua ni mteremko gani.

Alimpigia mkewe simu. Safari iliahirishwa.

Huo ndio uamuzi ambao hauandikwi kwenye kitabu chochote cha ufundi, na ndio unaotenganisha matengenezo ya nyumbani na kamari. Kalipa iliyopasuka, uzi wa bolti uliokatika, pistoni iliyolika, paipu ya mpira iliyovimba: vyote hivyo havirekebishwi kwa bidii. Hubadilishwa. Anayetengeneza breki uani ana faida moja kuliko gereji yenye foleni, nayo ni kwamba hakuna mteja anayemsubiri mlangoni. Akiitupa faida hiyo kwa sababu ya haraka, ni heri angelipeleka gari kwa fundi.

Gatsata, Kisekka, Gerezani

Pistoni ilipatikana Gatsata, ng'ambo ya Nyabugogo, ambako maduka ya spea na gereji yamebanana. Ni soko linalozungumza Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili katika sentensi moja. Breki huitwa feri, kutokana na Kifaransa, na anayezitengeneza ni umukanishi. Lakini spana ni spana, na bei hujadiliwa kwa lugha yoyote ile.

Sehemu kubwa ya vipuri hivyo huingia kwa bahari, kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kisha hupanda kwa malori kupitia Gatuna au Rusumo. Fundi wa Kigali, wa soko la Kisekka jijini Kampala, wa Grogan jijini Nairobi na wa Gerezani jijini Dar es Salaam wanauziwa bidhaa za meli zile zile. Tangu Rwanda ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, njia hiyo imekuwa mshipa wa kila gereji, na bidhaa bandia nazo hupita kwenye mshipa huo huo. Mnunuzi wa raba za breki hana budi kuangalia kama paketi imefungwa na ina namba inayolingana na kalipa yake, na kama raba yenyewe ni laini na haina nyufa inapovutwa. Vipimo vya pistoni hupishana kwa milimita chache tu, hivyo wenye busara huenda dukani na ile ya zamani mfukoni.

Kanyaga, shika, achia

Jumamosi iliyofuata kazi iliendelea. Sili mpya ililowekwa katika mafuta mapya ya breki na kuwekwa mfereji mwake bila kujikunja. Pistoni mpya, ikiwa na raba yake ya vumbi, iliingizwa kwa kuzungushwa, ikiwa imenyooka. Kwenye baadhi ya magari mikato ya uso wa pistoni hupaswa kulingana na kijino cha pedi; hilo hutazamwa kabla ya kufunga. Pini zilipakwa grisi na kuvishwa viraba vipya. Paipu ilirudishwa kwa washa mpya za shaba, moja kila upande wa bolti; washa ya zamani imeshabanwa mara moja na haizibi tena vizuri. Bolti zilikazwa kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kisha wakahamia upande wa kulia na kurudia yote, kwani breki za ekseli moja hutengenezwa kwa pamoja.

Ikabaki kazi ya kutoa upepo, ambayo inahitaji watu wawili wanaosikilizana. Mke wa mwalimu alikaa kwenye usukani. Chini, kijana alivalisha paipu ya plastiki kwenye nipeli ya kalipa na kuizamisha ncha yake ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Amri zilikuwa tatu. Kanyaga, naye akikanyaga taratibu. Shika, na nipeli ikifunguliwa huku mapovu yakitoka chupani. Nipeli ilipofungwa ndipo akaambiwa achia. Aliyeko juu akiachia kabla ya aliyeko chini kufunga, upepo hurudi ndani na kazi huanza upya.

Kawaida huanziwa kwenye tairi lililo mbali zaidi na silinda kuu iliyo mbele ya dereva, ingawa kitabu cha gari ndicho chenye kauli ya mwisho. Kwa kuwa Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara na usukani uko kushoto, tairi hilo ni la nyuma kulia. Kwa ndugu wa Uganda, Kenya na Tanzania, wenye usukani kulia, ni la nyuma kushoto. Katika zamu zote kikopo cha mafuta chini ya boneti hakiachwi kikauke. Kikikauka kwenye gari lenye ABS, upepo unaweza kujificha ndani ya mtambo huo na kuhitaji kompyuta ya gereji kuutoa.

Mapovu yalipokwisha na pedali kuwa ngumu, ilikanyagwa mara nyingi kabla ya waya wa breki ya mkono kurudishwa, ili utaratibu wa kujirekebisha ukae mahali pake. Tairi lilizungushwa kwa mkono na likazunguka bila kusugua. Breki ya mkono ikavutwa, likagoma. Ikaachiwa, likazunguka tena.

Usimwage mferejini

Yalibaki mafuta machafu, meusi kama kahawa, nusu chupa. Mafuta ya breki hubabua rangi ya gari, na yakimwagwa mferejini Kigali hayapotei. Mifereji ya sehemu kubwa ya mji hushuka hadi Nyabugogo, Nyabugogo huingia Nyabarongo, Nyabarongo huwa Akagera, na Akagera humwaga maji yake Ziwa Victoria. Kinachomwagwa uani Kigali kinaweza kuelekea kwenye maji ya wavuvi wa Mwanza. Chupa ilifungwa na kupelekwa gereji inayokusanya oili chafu.

Gari halikwenda barabarani siku hiyo hiyo. Lilizungushwa kwanza uani, kisha kwenye barabara ya mtaa isiyo na mteremko, likisimamishwa kwa upole takribani mara 10 ili pedi na diski zizoeane. Asubuhi yake mwalimu alilala chali na tochi kukagua kila maungio. Pakavu. Wiki hiyo alirudi Remera na mashine ikaonyesha matairi mawili ya nyuma yanayokaribiana kwa nguvu. Breki ya mkono nayo ilipita.

Jumapili iliyofuata familia ilikwenda Musanze, mwalimu akishuka miteremko kwa gia ya pili. Baada ya Buranga alisimama pembeni, kama alivyoahidiana na mpwa wake, akasogeza mgongo wa kiganja karibu na tairi la nyuma la kushoto, bila kuligusa. Akazunguka upande wa pili akafanya vilevile. Joto lilikuwa sawasawa. Akapanda garini, na wajukuu wakamuuliza kwa nini walisimama mahali pasipouzwa mahindi ya kuchoma.